Sauti ya Sita

Bukavu, 8 Februari 2009

Kaka mpendwa Alphonse,

Salamu nyingi kutoka kwetu Nguba. Sisi tu wazima, ila magoti yanamsumbua Mama, na mimi kichwa, lakini kichwa changu unakijua, ni cha mawazo tu. Wewe hujambo na baridi ya Stockholm? Na Christelle, bado anakujibu Kiswidi ukimsemesha Kiswahili? Mwambie shangazi yake anamsalimu, na kwamba akija huku nitamnyima bugali mpaka aombe kwa lugha ya watu.

Sasa sikia. Naandika kutoka sibakafe ya Nyawera kwa sababu kwa simu siwezi. Mama anataka simu iwekwe sauti kubwa asikie kila neno la mwanawe, na hili Mama hajui bado. Jonathan anataka kuuza parsele.

Ndiyo, parsele hii hii tunayolala, kiwanja na nyumba. Kuna mfanyabiashara anataka kujenga hoteli kando ya ziwa, na kiwanja cha Babu kinamzibia maji. Jonathan, mtoto wa Baba Mkubwa, tuliyekula naye chungu kimoja tangu wadogo, amesimama upande wa huyo mtu. Anasema Mama tutamhamishia Panzi kwenye nyumba ya kupanga, eti awe karibu na hospitali. Mama amezaa watoto wanne humu ndani na amezika wawili kutoka humu ndani. Ukimtoa utamwua polepole, na mimi ndiye nitakayekaa nikitazama.

Baba Mdogo ameitisha kikao cha ukoo tarehe 14 Machi. Viti ni saba, unajua, na mimi sina changu. Jonathan ana wenzake wawili wanaotaka kuuza. Shangazi Colombe na dada yake wanakataa, na wewe ungekuwa wa tatu. Baba Mdogo yuko katikati, anakohoa tu. Na ameshatangaza: asiyekuwepo hana sauti, na simu haina uso.

Jonathan anajua huwezi kuja Machi. Nauliza tu: nani alimwambia kwamba huna likizo? Mimi sikumwambia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dada yako mdogo,
Hortense


Akalla, 12 Februari 2009

Mdogo wangu Hortense,

Pole na kichwa, na pole nyingi kwa magoti ya Mama. Sisi hatujambo. Baridi ipo, theluji ipo, kazi ipo, tumshukuru Mungu. Naandika kwa kompyuta ya Christelle, naye ameniambia, kwa Kiswidi, kwamba nina nusu saa.

Kwanza nikuondolee shaka moja. Aliyemwambia Jonathan kwamba sina likizo ni mimi mwenyewe. Alinipigia mwaka mpya kunitakia heri, akauliza nitakuja lini, nikamjibu. Na hata ningekuwa na likizo, pasi yangu ya mkimbizi imeandikwa nchi zote isipokuwa Kongo. Kwa hiyo usitafute msaliti ndani ya nyumba.

Sasa nikueleze jambo nililoliona jana kazini. Unajua nafanya kazi kwenye mkahawa wa wabunge, ndani ya Bunge la Sweden, hatua chache kutoka ukumbini. Nachemsha kahawa, napanga mikate ya mdalasini, naokota vikombe. Ukutani kuna televisheni inayoonyesha ukumbi, ili mheshimiwa akiwa anakunywa ajue zamu yake imekaribia.

Jana ilikuwa Jumatano ya kawaida kabisa. Asubuhi walianza na leseni za kuvua samaki. Ukumbi una viti mia tatu na kitu, na waliokaa hawakufika kumi na watano. Mmoja anasema, mwingine anaandika, wa tatu anasubiri. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilipoona hivyo nilidhani wamegoma, au wametoroka. Kumbe wengine wako kwenye kamati, wengine ofisini wanasoma makaratasi. Baada ya samaki ikaja kelele ya barabara kuu, kisha taa za baiskeli. Dada, mama mmoja alisema dakika nane juu ya taa za baiskeli, na hakuna aliyemkatiza. Na kitu kingine: hawakai kwa vyama, wanakaa kwa mikoa wanakotoka. Mpinzani wako ndiye jirani yako, na kalamu ikiisha wino unamwazima.

Saa kumi kamili jioni ni saa ya kura. Kengele inalia jengo zima, kwenye ngazi, jikoni, hata chooni. Hapo ndipo unawaona wote wakitoka kila mlango, wengine bado wanatafuna. Spika anauliza kama ukumbi unakubali, anajijibu mwenyewe kwamba jibu ni ndiyo, anagonga nyundo. Anauliza, anajijibu, anagonga. Mambo sita yamepita kabla sijafuta meza mbili. Mpaka mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba anataka kura. Hapo wanabonyeza vitufe, na ubao unawaka kijani na nyekundu.

Jana kengele ilipolia waliondoka wote isipokuwa mzee mmoja wa kutoka kaskazini, mtu wa mashavu mekundu. Alibaki na kikombe chake. Nikamwambia, mheshimiwa, kengele. Akasema anaisikia. Nikatazama televisheni: upande wake umeshindwa kwa kura moja. Moja, naye anakoroga kahawa. Hortense, damu yetu unaijua. Nilimwuliza papo hapo, kwa Kiswidi changu hiki, "Nani amekulipa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza. Kuna mbunge wa upande wa pili, mwanamke, amekwenda kumwuguza mama yake. Basi vyama vinaelewana: wenu hayupo, na sisi tutamtoa mmoja wetu asiingie. Wanaita kvittning. Wote wawili wanakaa nje, na tofauti inabaki ile ile ambayo ingekuwa kama wote wawili wangeingia. Nikamwuliza sahihi iko wapi. Akasema hakuna sahihi, ni neno tu. Nikamwuliza, na ukiingia? Akasema, "Nikiingia nitamshinda mtu ambaye hayupo. Hilo nitalisimulia vipi nyumbani?"

Bado sikumwamini. Leo asubuhi nimetafuta orodha ya kura, kwa maana hapa huonyeshwa mtu yeyote, hata mwosha vikombe. Jina lake limeandikwa hayupo. Jina la yule mama limeandikwa hayupo.

Nataka kumwomba Jonathan tufanye hivyo. Mimi sipo, basi na yeye asiingie. Watabaki wawili kwa wawili, na Baba Mdogo ataamua akiwa na Mungu wake. Christelle amesimama mlangoni anatazama saa. Mbusu Mama, usimwambie kitu.

Kaka yako,
Alphonse


Bukavu, 17 Februari 2009

Kaka Alphonse,

Salamu. Mama anaendelea, anakusalimu. Ameniuliza kwa nini siku hizi naenda Nyawera kila mara, nimemwambia natafuta dawa ya kichwa.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka watu wa sibakafe wakanigeukia. Kaka, wamekuroga huko. Huyo mzee wa mashavu mekundu, ulitazama ndani ya mfuko wake? Hapa kwetu mtu akikaa nje wakati wa kura, watu huuliza bahasha ilikuwa nene kiasi gani. Na huyo mama aliyekwenda kuuguza, nani alimwona hospitalini? Orodha inasema hayupo. Haisemi yuko wapi.

Tuseme wao ni malaika. Jonathan je? Jonathan ndiye aliyemaliza nyama ya Noeli kwenye sufuria akasema ni paka, na paka akapigwa. Wewe mwenyewe ulimpiga yule paka. Sasa unataka kumpa nyumba ya Mama aishikilie kwa neno tu, bila karatasi, bila shahidi?

Na niulize lingine, usikasirike. Mpango huu umeuwaza wewe kweli, au amekupigia yeye akakutia maneno mdomoni? Maana kama kuna kitu amekuahidi kwenye hiyo hoteli, niambie mapema nimtafutie Mama pa kulala. Wewe uko mbali. Si wewe utakayembeba mgongoni kumpeleka Panzi.

Christelle nimemwota. Mpe salamu.

Dada yako,
Hortense


Akalla, 24 Februari 2009

Mdogo wangu,

Natumaini kichwa kimepoa. Hapa hatujambo, ila Christelle ana mafua na anayaona makubwa kuliko vita.

Umeniumiza, sitaficha. Lakini siwezi kukusema sana, kwa maana na mimi nilimwuliza mzee wa watu nani amemlipa. Hakuna aliyeniahidi kitu. Mpango ni wangu.

Nimempigia Jonathan jana. Nilimweleza yote. Akauliza kama kweli huku wanafanya hivyo bila karatasi. Nikasema kweli. Akasema, "Kaka, mimi nataka kuuza, na nikiweza nitauza, kwa sababu nyumba ile siku moja itamwangukia Mama. Lakini nikikushinda ukiwa hupo, watoto wetu hawatasalimiana. Siingii." Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Na mimi nimempa langu: hakuna atakayesema kwa kinywa changu siku hiyo. Kwa hiyo nakuomba, Hortense, nakuomba kama kaka. Siku ya kikao toa chai, kaa kimya. Baba Mdogo anampenda Mama. Mwachie.

Kaka yako,
Alphonse


Bukavu, 9 Machi 2009

Kaka,

Hatujambo, Mungu anatulinda. Mama ametembea mpaka sokoni na kurudi, amejisifu siku nzima. Mafua ya Christelle yamekwisha?

Umesema nikae kimya, nami nakaa, lakini macho sijayafunga. Jonathan ameonekana ndani ya gari la yule mfanyabiashara, kiti cha mbele, wanacheka. Jumapili baada ya misa alimshika Baba Mdogo bega wakaenda pembeni, wakasema maneno marefu, na Baba Mdogo kwa mara ya kwanza hakukohoa. Juzi amemletea Mama sukari. Sukari ya nini? Miaka yote anakuja mikono mitupu na hatujawahi kumwuliza.

Halafu ameshonesha koti jipya. Nimelisikia kwa fundi mwenyewe, litakuwa tayari tarehe 13. Sasa niambie, mtu ambaye haingii kikaoni tarehe 14, koti la nini?

Lisemwalo lipo. Wewe umempa neno lako. Mimi sikumpa langu.

Dada yako,
Hortense


Bukavu, 15 Machi 2009

Kaka mpendwa,

Nyumba imebaki. Kura zimelingana, tatu kwa tatu, na sheria ya ukoo unaijua: mambo yakilingana, kitu hukaa kilivyo. Yule mfanyabiashara amekwisha ambiwa. Mama amesikia yote baada ya kikao, amelia kidogo, kisha ameimba asubuhi nzima. Kichwa changu hakiumi.

Jonathan hakuingia. Mengine nitakueleza siku nyingine, sibakafe wanafunga mapema leo. Msalimie sana Christelle.

Dada yako mdogo,
Hortense


Akalla, 19 Machi 2009

Hortense,

Nilipopata barua yako nilishukuru nikiwa nimesimama. Nilinunua keki. Christelle aliuliza ni sikukuu ya nani, nikamwambia ya bibi yako.

Jana ilikuwa Jumatano. Kengele ikalia, wakaingia, ubao ukawaka, nami nikawa nahesabu tu kama kawaida yangu huku nafuta meza. Mkono ukasimama. Viti vyetu ni saba. Nitoe mimi, mtoe Jonathan, vinabaki vitano. Watano hawagawanyiki tatu kwa tatu. Wa sita ni nani?

Nimempigia Jonathan mara nne, hapokei, na Jonathan simu yangu hupokea hata akiwa kanisani. Nimempigia Shangazi Colombe. Amepokea, akasema, "Hongera mwanangu, ulimtuma mtu shujaa," kisha mtandao ukakatika. Sijamtuma mtu.

Niandikie leo. Salamu nyingine sina.

Kaka yako,
Alphonse


Bukavu, 2 Aprili 2009

Kaka Alphonse,

Nisamehe kwa kukuweka wiki mbili. Mama hajambo. Mimi siumwi, ila usingizi umenikimbia.

Wa sita ni mimi.

Nilikuwa natoa chai kama ulivyosema. Mashangazi wakasema isiuzwe, wale wawili wakasema iuzwe. Baba Mdogo akakohoa, akatazama nje ambako Mama alikuwa amekaa uani akichambua maharage bila kujua kinachosemwa, akasema iuzwe. Hapo, Kaka, sikufikiri. Niliweka birika chini, nikasema umenipigia asubuhi, umenituma nikae kwenye kiti chako. Baba Mdogo akasema ameshatangaza, simu haina uso. Shangazi Colombe akamjibu, "Huyu ana uso, na ni wa tumbo moja na Alphonse. Kama ametumwa, aape." Ikaletwa Biblia ya Mama. Nikaapa.

Jonathan alikuwa nje. Nilikuwa nimemwona tangu asubuhi, amekaa kwenye benchi mbele ya duka la ng'ambo ya barabara, na lile koti jipya, anatazama mlango wetu. Nikasema moyoni, anangoja kuitwa, wakati wowote ataingia. Nikasema bora mimi nitangulie.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Nilipokwisha kuapa, Baba Mdogo alituma mtu amwite. Aambiwe Alphonse ametuma sauti yake, kwa hiyo na yeye aje atoe yake. Nilikwenda dirishani. Nilimwona anasikiliza. Akauliza kitu, akaambiwa tena. Akatikisa kichwa. Yule mtu akarudi akasema, "Anasema alimpa Alphonse neno, haingii." Angeingia angeshinda nne kwa tatu. Alikaa kwenye lile benchi mpaka watu walipotawanyika, mahali ambapo kila mtu aliweza kuona kwamba hakuingia.

Koti lilikuwa la ubatizo wa mtoto wa jirani yake, jioni ile ile. Nimeuliza.

Basi, nilimdhania vibaya. Nakubali. Lakini Mama yuko ndani ya nyumba yake. Ukiniambia niende nikafute kiapo, uniambie pia Mama nimpeleke wapi.

Dada yako,
Hortense


Akalla, 20 Aprili 2009

Hortense,

Barua hii nimeianza mara tatu. Afya tunayo.

Jonathan alinipigia Ijumaa. Hakusalimu. Aliuliza swali moja tu: "Ulimtuma?"

Nilikuwa ndani ya treni naelekea kazini, imesimama Hallonbergen, milango wazi, watu wanaingia. Nikisema hapana, wewe umeapa uongo kwenye Biblia mbele ya ukoo, na Bukavu hakuna atakayekuita tena hata matangani, na nyumba inauzwa, na Mama anaondoka. Nikisema ndiyo, mwongo ni mimi. Milango ikafungwa. Nikasema, "Ndiyo, nilimtuma."

Akasema, "Sawa." Akakata. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

Leo yule mzee wa kaskazini amekuja kunywa kahawa. Nilikuwa nimemsimulia mpango wangu na Jonathan tangu Februari, na alifurahi sana, alisema atawasimulia wenzake. Ameniuliza mambo ya nyumbani yalikwendaje. Nimemwambia yalikwenda vizuri. Kisha nikaenda jikoni kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Kiapo usikifute. Nimeshasema ndiyo, na ukifuta sasa tutakuwa waongo wawili badala ya mmoja. Mtunze Mama. Una hasira ya kumpenda, naijua, na siwezi kukuchukia kwa hilo, ila nina uchungu. Usiniandikie tena habari hii.

Kaka yako,
Alphonse


Bukavu, 3 Oktoba 2009

Kaka mpendwa Alphonse,

Hujambo? Christelle hajambo? Sisi wazima wa mwili.

Uliniambia nisikuandikie tena habari hii, nami nimekutii miezi mitano, nimekuandikia magoti na bei ya maharage. Leo nimeshindwa.

Mvua za mwezi uliopita zimeezua bati upande wa chumba cha Mama. Tuliweka mabeseni. Sikujua nimwite nani, maana tangu Machi Jonathan hakuwa amekanyaga uani kwetu. Leo asubuhi tunafungua mlango, huyo hapo, ana mabati mapya begani na ngazi ya kuazima. Hakuitwa na mtu. Alisema amesikia sokoni kwamba Mama analala na beseni. Akapanda, akafanya kazi mpaka saa nane mchana, amemaliza nusu.

Nikampa chakula. Mama akamwuliza, mwanangu, miezi yote hii ulipotelea wapi? Ndipo akasimulia. Mama hakuwa anajua kwamba mlipeana neno. Alidhani ulinituma tu, kama mtu anavyotuma. Jonathan alisema yote bila kupandisha sauti: "Nilimpa Alphonse neno nisiingie, naye akanipa lake kwamba hakuna atakayesema kwa kinywa chake, kisha akatuma mtu. Nilimwuliza mwenyewe, akakubali." Akasema, "Nilikuwa na kinyongo, Mama, na nimechoka nacho. Nimemsamehe. Akipiga simu, mwambie."

Mama akalia. Si kile kilio cha Machi. Alisema hakujua kwamba Ulaya inaweza kumharibu mtoto namna hii, mtoto ambaye akiokota kalamu njiani alirudi nayo shuleni kutafuta mwenyewe. Akanishika mkono. Akasema, "Angalau wewe, Hortense, hujawahi kunidanganya."

Nilikuwa nimeshika sahani ya Jonathan. Nikasema, "Nikuongezee mchuzi?" Hayo ndiyo niliyosema, Kaka. Akasema ndiyo, na asante, dada.

Nimemshuku Jonathan, nikakushuku wewe, nikamshuku mpaka mzungu anayekunywa kahawa yake, na huyo mama aliyekwenda kuuguza. Wote walikuwa pale waliposema watakuwa. Nimekaa hapa sibakafe saa nzima nikitafuta mtu wa kumlaumu na sijampata.

Kesho baada ya misa Jonathan anarudi kumalizia paa. Nitamwambia kabla hajapanda ngazi. Nikimwacha amalize ndipo niseme, nitakuwa nimemwibia mara ya pili. Kisha nitakwenda kwa Baba Mdogo kufuta kiapo, na ukoo utakaa upya. Usinikataze, kwa sababu hutanikuta. Barua yako ikifika nitakuwa nimekwisha sema. Sijui Jumatatu nyumba hii itakuwa ya nani, wala kama Jonathan atataka kunitazama. Naogopa, Kaka. Naogopa zaidi ya siku ile na Biblia.

Nikitoka hapa naanza na Mama.

Dada yako mdogo,
Hortense